Kidole cha Kuramochi

Kuramochi alikuwa kondakta wa treni ya vitongojini kwa miaka thelathini na tisa. Asubuhi treni iliwashusha watu mjini kutoka kwenye nyumba za vilimani, jioni ikawarudisha. Yeye alikaa behewa la mwisho. Kila kituo alinyoosha kidole upande wa milango, akaita kwa sauti, "Milango, salama!" Ndipo akabonyeza kengele, dereva akaondoka. Ndivyo walivyofunzwa wote: jicho lione, kidole kioneshe, mdomo useme. Kimoja kikisinzia, viwili vitakiamsha.

Mazoea yana taabu. Hata nyumbani, kabla ya kutoka, alisimama mlangoni na kidole chake. "Gesi, imezimwa! Dirisha, limefungwa! Fusae, yupo!"

Fusae ni mkewe. Alikuwa akijibu pale pale alipokaa, "Yupo, na mwiko anao. Nenda zako, utachelewa."

Fusae alifariki mwezi wa pili, theluji bado iko juu ya paa. Kuramochi alikaa nyumbani siku kumi, akarudi kazini. Hakulia mbele ya mtu.

Juma la tatu, kwenye kituo chenye kona, aliita, akabonyeza, treni ikaanza kuvuta. Msichana mmoja alikuwa akikimbia ubavuni mwa treni, mkanda wa mkoba wake umebanwa mlangoni. Kuramochi akavuta breki. Mkanda ukakatika. Msichana akaanguka, akainuka, akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Dereva Nagumo, kijana kuliko yeye kwa umri, alimtania baadaye. "Mzee, leo umevua samaki kwa mkanda!"

"Nilimwona," alisema Kuramochi.

Hakumwona. Hakukumbuka hata kama alitazama.

Zilipobaki siku mbili kufika ibada ya kumwombea Fusae, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, alisimama mlangoni kama kawaida. Gesi. Dirisha. "Fusae, yupo!" Akafunga mlango, akaenda. Alifika mwisho wa kichochoro, penye duka la tofu, jibini la soya, ndipo miguu ikagoma. Kidole kilikuwa kimeonesha mto mtupu aliokuwa akikalia Fusae. Jicho lilikuwa hapo hapo. Na mdomo ulisema yupo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa zamu, Hosokai.

"Mkuu, nitoe kwenye treni leo."

"Unaumwa?"

"Naita kisichokuwapo. Nitaua mtu."

Hosokai alitazama saa ya ukutani, si uso wake. "Mzee Kuramochi, macho yako yamepimwa mwezi uliopita. Mazima kuliko yangu. Makondakta watatu wana mafua. Nikikutoa wewe, treni ya saa moja na dakika kumi na mbili haitoki."

"Isitoke."

"Watu wamejaa jukwaani, mzee wangu! Niwaambie nini? Maliza zamu. Jioni tukae, tuongee."

Kuramochi hakuwahi kubishana na mkubwa wake. Alivaa glavu zake nyeupe.

Kituo cha kwanza alitazama mlango mmoja mmoja, mpaka wa mbele kabisa. Cha pili vivyo hivyo. Treni ikachelewa nusu dakika. Simu ya ndani ikalia.

"Mzee, umelala huko nyuma?" Nagumo aliuliza.

"Natazama."

"Basi tazama mbio mbio. Huku mbele wakubwa wananila nyama kwa simu."

Kituo cha tatu mvua ilianza kunyesha kwa nguvu. Jukwaa lote likawa miavuli. Watu walisukumwa ndani kwa mabega, milango ikajifunga, ikafunguka, ikajifunga tena. Kuramochi alijiambia, tazama kwanza. Akageuza shingo.

Mkono ulikuwa umeshanyooka. Sauti yake ilikuwa imeshaita. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa juu ya kengele, na treni ilikuwa inakwenda.

Alitoa kichwa dirishani, mvua ikampiga usoni. Miavuli ilikuwa mingi mno, hakuweza kuona mlango hata mmoja. Mpaka hapo, hakuna aliyekuwa amepiga kelele.