Macho ya Fathiya na Taa za Kona

Fathiya alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo, na hilo halikumsumbua. Dukani kwake katikati ya Nairobi, alikokuwa akiuza udi, manukato ya halud na mafuta ya kujipaka, mteja aliyejifanya mjuzi alinusishwa chupa moja baada ya nyingine mpaka akajikanganya mwenyewe na kuomba radhi. Alitoka Lamu akiwa mke wa mtu, akawa mjane mjini, akamlea mwanawe Naeem peke yake hadi akamfikisha chuo kikuu, na katika yote hayo hakuna aliyemwona akitoa chozi. Kwa hiyo alipoanza kuogopa, aliogopa kimyakimya, na waliokuwa karibu naye walidhani amezidi ukali tu.

Barabarani pia alikuwa na lake. Mwaka wake wa kwanza wa kuendesha gari Nairobi aliwasha indiketa kila alipotaka kukata, kama alivyofundishwa Mombasa, na kila alipoiwasha, dereva wa pembeni alikanyaga mafuta kuziba nafasi. Siku moja alinaswa kwenye mzunguko, indiketa ikimwekamweka, akazunguka na kuzunguka na hakuna aliyempa njia. Hapo ndipo alipokata kauli. Ukiwaambia watu wa Nairobi unakokwenda, umewapa silaha. Tangu siku hiyo kile kijiti cha indiketa kikawa pambo, naye akawa anaingiza pua ya gari kwanza na kuwaacha wengine wapige honi. Nusu ya madereva wa mji huu wanafanya hivyo hivyo, na nusu nyingine wanasema uongo.

Kilichomtia hofu mwanamke huyu kilikuwa kona moja. Kwa miaka mingi alikuwa amepanga Mountain View, mtaa wenye taa za barabarani, ambako hata ukidondosha sindano usiku unaweza kuitafuta. Kisha akajenga nyumba yake Mutuini, akahamia kwa furaha kubwa na masanduku yake yote. Ili ufike kwake unaacha lami, unashika njia ya udongo wa murram kati ya mashamba ya sukuma wiki, halafu njia inakata kushoto ghafla juu ya kidaraja kisicho na ukingo. Chini ya kidaraja kuna mtaro mkubwa, wenye kina. Mchana ni kitu cha kupita ukiimba. Giza likiingia, taa kubwa za gari zilimulika ua wa jirani uliokuwa mbele, zikauonyesha mpaka miiba ya seng'enge, lakini huko kushoto, pale gurudumu lilipotakiwa kupita, hapakuonekana kitu.

Alishakwaruza jiwe la kidaraja zaidi ya mara moja. Jioni moja gurudumu la nyuma likaingia mtaroni kabisa, ikabidi wanaume waliokuwa wakitoka kwenye maombi wakunje suruali na kulibeba gari kama jeneza. Aliwashukuru, akawaambia amebanwa na bodaboda. Bodaboda haikuwako.

Mtu mwingine angelilaumu giza. Fathiya aliyalaumu macho yake, na sababu alikuwa nayo. Babake, Mzee Amin, alikuwa mshonaji kofia Langoni, Lamu, na macho yake yalianza kufa pembeni. Mbele aliona sindano na uzi, akaweza hata kukosoa mshono wa mwenzake, lakini alikuwa akijigonga kwenye mtungi uliokaa kando ya mlango, na watu wakimcheka kwamba ana papara. Kisha giza likasogea kutoka pande zote mbili mpaka likakutana katikati. Fathiya ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumwekea kikombe cha kahawa vidoleni. Sasa yeye mwenyewe alikuwa ameufikia umri ule aliokuwa nao babake wakati wa kugongana na mtungi, na huku alikuwa haoni kushoto.

Ndipo aliposikia habari za taa za kona. Alikuwa amepeleka gari kwa fundi wake Kitonga, kule Kangemi, kubadilisha oili. Kitonga alikuwa ameinama mbele ya bampa, akagonga kwa kidole kioo kidogo kilichokaa pembeni, karibu na taa kubwa.

"Mama, hii taa yako ya kona imekufa kitambo," akasema. "Ile ingine inawaka lakini ni kama mshumaa. Unaendaje usiku?"

Fathiya aliuliza taa ya kona ni kitu gani, kwa sauti ya mtu asiyejali. Kitonga akamweleza kuwa ni taa ya kumulika kando gari linapokata, ili dereva aone anakoingia. Moyo wa Fathiya uliruka. Kama taa ilikuwa imekufa, basi huenda macho hayakuwa na kosa lolote. Akamwambia Kitonga azitoe zote mbili na kutia za LED, zile nyeupe, kali kuliko zote alizo nazo.

Kitonga aliifanya kazi siku hiyo hiyo. Balbu za zamani zilitoka zikiwa nyeusi kwa moshi. Ya kwanza ya LED ilipochomekwa haikuwaka, na Fathiya akauliza kama ni mbovu.

"Usijali. Hii LED iko na upande yake," Kitonga akasema, akaichomoa na kuigeuza. "Sasa simama hapo kwa ukuta uone mwenyewe."

Fathiya akasimama kando ya ukuta wa mabati, ndani ya kibanda chenye kiza, naye Kitonga akaingia ndani ya gari. Mwanga ukaruka ukutani kushoto, mweupe, ukaonyesha kutu na misumari yote. Kisha ukaruka kulia. Fathiya alisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka watu wa kibanda cha pili wakageuka.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na jirani yake Peres kama kawaida. Peres alikuwa karani kwenye ofisi ya mawakili mjini, mwanamke wa kutoka Siaya, mzungumzaji sana, na nyumba yake ilikuwa baada tu ya ile ya Fathiya. Waliitana kwa majina ya watoto wao, Mama Naeem na Mama Emmah. Safari nzima Peres alikuwa akisimulia mambo ya kwaya yao ya kanisani, na kama kawaida, walipoikaribia kona alinyamaza ghafla na kufumba macho. Fathiya alikuwa ameshazoea. Alidhani usingizi humchukua Peres pale, kwa uchovu wa siku.

Akakata kushoto akiungojea ule mwanga mweupe. Ua ulionekana mbele, na seng'enge yake. Kushoto palikuwa giza kama jana na juzi.

Alipita kwa kukumbuka tu. Gurudumu likapanda ukingo wa jiwe, gari likayumba, likateremka upande wa pili salama. Peres akafumbua macho na kuendelea na kwaya. Fathiya hakusikia neno. Taa zilikuwa nzima, alikuwa ameziona kwa macho yake ukutani. Kama taa ni nzima na yeye haoni, basi kilichokufa ni nini tena? Alifika nyumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani na viatu miguuni. Tumaini alilolibeba kutoka Kangemi lilikuwa limegeuka ushahidi.

Kuanzia hapo alianza kujifundisha upofu. Ndiyo, mwanamke mzima, mwenye duka na nyumba. Asubuhi kabla ya wateja kuingia alifumba macho na kupapasa rafu, akijua chupa kwa umbo la shingo yake na udi kwa uzito wa kipande. Alijifunza kukunja buibui na kuhesabu vyakula kabatini kwa vidole. Hatua chache kutoka dukani palikuwa na kliniki ya macho, lakini alibadilisha njia ili asipite mlangoni pake, kwa sababu siku atakayoambiwa ndiyo siku atakayokuwa kipofu, na yeye alitaka kuahirisha. Kwa simu alimwambia Naeem hajambo, yu buheri wa afya. Akawa anafunga duka mapema ili afike Mutuini jua lingalipo, na Peres akawa anatafuta usafiri mwingine bila kuuliza, ingawa ilimuuma.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilianza mchana, ikajaza mji, magari yakasimama kila mahali. Peres alimkuta Fathiya akifunga duka, akaomba lifti, na Fathiya hakuwa na roho ya kumwacha kwenye mvua ile. Walipoacha lami na kushika murram, magharibi ilikuwa imeingia na mawingu yamekula mwanga wote uliobaki. Fathiya aliendesha polepole. Kabla ya kona, akasimama.

"Kuna nini, Mama Naeem?" Peres akauliza. "Pancha?"

"Siwezi kupita hapa, Mama Emmah."

"Kwa nini?"

Fathiya alitaka kutunga bodaboda nyingine, lakini zilikuwa zimemwishia. Akasema yote. Habari za babake na mtungi, taa mpya, chupa anazozipapasa asubuhi. Alisema akitazama mbele, na sauti yake, iliyozoea kuamuru, ilikuwa ikitetemeka. "Mimi macho yananifia," akamaliza. "Hapo kushoto mimi sioni kitu. Niambie wewe, waona nini?"

Peres akasogeza kichwa kwenye kioo, akatazama. Akakifuta kioo kwa mkono wa sweta, akatazama tena.

"Mimi pia sioni kitu," akasema.

"Usinibembeleze kama mtoto."

"Wallahi, si unasemanga hivyo? Sioni kitu, Mama Naeem. Ni giza tu." Kisha akainamisha macho kwa aibu. "Wacha nikwambie ukweli. Mimi hii kona sijawahi angalia. Tukifika hapa huwa nafunga macho naomba Mungu. Nilikuwa nasema wewe ndio dereva, wewe unaona."

Fathiya aligeuka akamtazama. Miezi yote hiyo, ndani ya gari moja, mmoja alikuwa haoni na mwingine hatazami, na kila mmoja alimtegemea mwenziwe. Hakujua acheke au alie. Hakuwa amewahi kumuuliza mtu. Ni swali la maneno mawili, na kiburi chake kilikuwa kimemnyima.

Nyuma yao honi ikalia. Ilikuwa bodaboda, ya kweli safari hii, na jamaa wake alikuwa ameshaanza kujipenyeza upande wa kushoto, kati ya gari na mtaro. Fathiya, aliyetaka sasa kusogeza gari kwa sababu ya honi ile, aliona kwenye kioo cha pembeni kwamba atambana mtu wa watu. Hapakuwa na gari la kumzibia njia huko shambani, wala hakufikiria. Mkono wake ukakipiga kile kijiti, kumwonya yule jamaa kwamba anakata kushoto.

Pakawa mchana.

Mwanga mweupe ulimwagika ubavuni mwa gari, na kidaraja kikajitokeza chote, jiwe kwa jiwe, na ukingo uliomeguka pale alipokuwa akikwaruza, na mtaro wenyewe ukipitisha maji ya mvua. Peres alishika mdomo. Fathiya akarudisha kijiti, giza likarudi. Akakisukuma, mwanga ukaja. Akarudisha, akasukuma, na jamaa wa bodaboda, aliyeona indiketa ikiwaka na kuzimika bila gari kwenda popote, akanung'unika jambo na kurudi nyuma kungoja.

"Taa inafuata indiketa," Fathiya akasema polepole. Akamwona Kitonga akiingia ndani ya gari na yeye mwenyewe akisimama nje ukutani, ambako hakuweza kuuona mkono wa fundi. Kitonga hakumweleza, kwa kuwa haikumpitikia kwamba yuko mtu anayekata kona bila indiketa. Au pengine ilimpitikia, lakini naye ni dereva wa Nairobi.

"Kumbe ni indiketa tu?" Peres akauliza.

"Indiketa tu."

Fathiya akashusha pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa ndefu, ikatoka na machozi ambayo mji mzima haukuwahi kuyaona. Aliyaacha yatiririke. Kesho, akamwambia Peres, atakwenda kliniki kupimwa, na Peres atamsindikiza, kwa sababu ugonjwa wa babake si wa kufanyiwa mzaha na sasa yeye haogopi tena mlango wa kliniki ile. Peres akakubali, akampapasa bega, akamwambia tena kwamba hata yeye hakuona kitu, na Fathiya akamwomba alirudie neno hilo mara nyingine.

Akaiacha indiketa ikiwaka. Kushoto, ndani ya mwanga, maji yalikuwa yakisukuma majani ya kabichi, kiatu cha plastiki cha mtoto, mfuko wa unga uliopasuka. Kwenye ukuta wa mtaro konokono alikuwa akipanda. Mtaro ule ulikuwa kitu kichafu kuliko vyote alivyovitazama mwaka huo, na Fathiya aliinamia dirisha la Peres ili akione vizuri zaidi.

"Twende basi, Mama Naeem," Peres akasema. "Watoto hawajakula."

"Tutakwenda. Ngoja kidogo, bado naangalia."