Mgeni Niliyeshindwa Kumkata Pichani

Siku ile nyumbani kwetu Moshono tulikuwepo watu hawa, na ninawataja ili ukitaka kuuliza, uwaulize: mimi mwenyewe, mdogo wangu Lomayani, anayebeba mizigo ya watalii Mlima Meru, kitindamimba wetu Neema, ambaye asubuhi ile alipata kipaimara, Koko Nashipai, bibi wa jirani aliyetuangalia tangu tufiwe, na Baba Glory wa nyumba ya pili, aliyeshika maiki kwa sababu spika ilikuwa yake. Wote wako hai, na hakuna aliyekuwa amelewa. Alikuwepo pia mwanamke mmoja ambaye jina lake silijui mpaka leo. Huyo ndiye ninayetaka kukueleza habari zake, na nakuomba usicheke kabla sijamaliza.

Baba alitangulia, mama akamfuata, Neema akiwa bado anatambaa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikajifunza cherehani, na tangu hapo Neema hajavaa nguo ambayo haikupita mikononi mwangu. Gauni lake jeupe la kipaimara nililishona, nikalifumua, nikalishona tena mpaka likamkaa sawasawa. Sisemi haya ili nisifiwe. Nataka tu uelewe kwa nini damu ilinichemka mtu alipolishika lile gauni.

Lomayani alikuwa amekuja na kamera. Mgeni mmoja aliyeshuka naye mlimani alimwachia kama zawadi: kamera ndogo ya mkanda, inayoingia mfukoni, lakini ukiiwasha inatoa lenzi kama kobe anavyotoa kichwa. Kuna kitufe juu yake. Ukikisukuma huku, watu wanavutwa karibu. Ukikisukuma kule, wanarudi mbali.

"Sista, hii ukipiga umepiga," akaniambia. "Hamna kufuta."

Hilo ndilo nililotaka. Simu yake ilishawahi kudumbukia mtoni na picha zetu zote, na ndani ya nyumba yetu hapakuwa na hata picha moja ya mama. Nilitaka kitu cha karatasi, kibaki. Nikasema napiga mimi, kamera isiguswe na mtu mwingine.

Jioni, jua likiwa limeinama upande wa Kisongo na Meru imeshatoka mawinguni, tukiwa tumeshiba nyama na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, yule mwanamke akaingia. Alisema hodi akiwa tayari uani. Alikuwa mrefu, nadhifu, amevaa kitenge kipya cha bluu. Koko alidhani ni mtu wa kanisani. Baba Glory alidhani ni ndugu yetu wa upande wa mama. Mimi nilidhani ni mgeni wa Koko. Ungefanya nini, umfukuze mtu kwenye sherehe? Nikampa chai na kiti.

Hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja kukaa ubavuni kwa Neema, akaanza kumnyooshea shela kichwani. Kisha akashuka kwenye gauni.

"Nani kakushonea, mwanangu?"

"Dada."

"Amejitahidi. Ila pindo limepanda kidogo upande huu."

Halikuwa limepanda! Niamini, pindo lililopanda nalijua hata nikiwa nimesinzia. Lakini Neema alilitazama, akaanza kulivuta chini kwa aibu. Basi yule mama akamwinamia sikioni, akamnong'oneza kitu, na Neema akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia ndani ya nyumba yangu. Mimi ndiye ninayemwamsha alfajiri, ninayemkalipia, ninayemwambia aache kidogo sufuriani na wengine wale. Lini nilipata nafasi ya kumchekesha vile? Nilisimama na kamera mkononi, nikaona wivu.

Baba Glory akapiga maiki kwa kidole. "Haya, haya! Sasa keki ya mama! Aliyemlea mtoto asogee mbele, asijifanye haoni!" Alikuwa ananitazama mimi, anacheka.

Nikaanza kuvua kamba ya kamera mkononi nimpe Lomayani. Kabla sijamaliza, Neema alikuwa ameshachoma kipande cha keki kwa kijiti, akamgeukia yule mwanamke.

"We Neema," Koko akaita, "dada yako yuko huku."

Neema kama hakusikia. Nami nikafanya jambo dogo la wivu, wala silionei haya. Nikarudisha kamera jichoni ili nimkate yule mwanamke. Nilitaka picha ya Neema na keki yake, peke yake, mgeni abaki nje. Nikasukuma kitufe. Lenzi ikavuma, ikajitokeza mbele. Ndani ya kidirisha, Neema akaja karibu. Koko akatoka upande mmoja, Baba Glory na spika yake wakatoka upande wa pili. Yule mwanamke hakutoka. Wala hakuongezeka ukubwa. Nikavuta hadi mwisho, uso wa Neema ukajaa kidirisha kizima, na yeye bado yumo, mzima kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, mdogo kama mdoli, amesimama pembeni ya shavu la mtoto. Na alikuwa ananitazama mimi.

Nikashusha kamera. Yule mwanamke amekaa palepale, anamtazama Neema, mdomo ameufungua kuipokea keki. Nikainua tena. Amesimama, mdomo umefumbwa, macho kwangu.

Utaniuliza nilijuaje kwamba keki ile haikupaswa kufika mdomoni mwake. Sijui nilijuaje. Niliruka benchi, nikaudaka mkono wa Neema, nikaila ile keki palepale, na kijiti nusura nikimeze.

"Jamani, mama mlezi alikuwa na njaa!" Baba Glory akatangaza kwenye maiki.

Neema hakucheka. "Dada! Ilikuwa ya yeyo!"

Yeyo ni mama, kwa Kimaa. Mimi miaka yote ameniita dada, na sijawahi kudai zaidi. Huyu alikuwa hajamaliza hata chai.

"Yeyo yupi?"

"Huyu. Ameniambia ulinificha asinipate."

Sikiliza. Mama yetu nilimwosha kwa mikono hii, mimi na Koko, kabla hajalazwa kwenye jeneza. Alikuwa mfupi, mnene wa mashavu, ana pengo mbele. Huyu hakufanana naye hata ukucha. Lakini Neema angejuaje? Hakuwa na uso wa kulinganisha.

Mwanamke akainuka, akanisogelea hadi nikahisi pumzi yake, nayo ilikuwa ya baridi kama upepo wa mlimani. Akasema kwa sauti ya chini, "Una wivu, binti."

"Ninao," nikamjibu. "Mtoto ni wangu."

"Basi nipe picha yangu niende. Mimi na mtoto, kwenye karatasi, niwe nayo. Usiponipa, nitamchukua huyo nitakayepigwa naye picha."

"Nitakupa," nikasema. Nilikuwa tayari kusema lolote atoke uani kwangu.

Akasimama na Neema. Safari hii nilirudisha lenzi nyuma, wote wawili wakaingia vizuri. Nikapiga, flashi ikawaka, na kamera ikaanza kuurudisha mkanda yenyewe, ikilialia, maana ile ilikuwa picha ya mwisho. Nilipoinua macho, Neema alikuwa peke yake. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo kwa ndani. Lomayani alikimbia hadi barabarani, hakuona mtu.

"Atakuwa kadaka boda," Baba Glory alisema. Lakini nani kati yetu alisikia pikipiki?

Mkanda niliupeleka mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye bado anasafisha picha za namna hiyo. Niliporudi kuzichukua, akazipanga mezani, akaigusa ile ya mwisho. "Hii mwanga mzuri sana, binti. Lakini mbona mtoto umemweka pembeni? Nafasi yote hii umemwachia nani?"

Neema alikuwa pembeni kweli, kichwa amekilaza juu ya bega ambalo halipo, na shela yake imebonyea upande ule.

Nilimwonyesha Neema, nikidhani sasa ataniamini. Aliitazama muda mrefu, akatabasamu. "Yuko hapa, dada. Wewe tu hutaki kumwona." Analala nayo chini ya mto. Gauni hataki tena kulivaa, anasema pindo limepanda. Maneno yake kwangu yamebaki ya salamu na ya chakula.

Na yule mwanamke hurudi. Jua likishuka, nasikia sauti nyuma ya uzio: "Mama Neema, picha yangu?" Duniani kote hakuna mwingine anayeniita hivyo. Nilijaribu kuilipa ahadi. Siku moja Neema akiwa kanisani niliichukua ile picha, nikaibana kwenye uzio. Jioni nikasikia, "Hiyo siyo yangu. Mimi simo." Nikaitoa, nikairudisha chini ya mto.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, ukifanya sherehe na akaingia mgeni asiye na mwenyeji, muulize kaja na nani kabla hujamsogezea kiti. Na ukiwa na kamera mkononi, usimwahidi picha mtu ambaye hujui kama karatasi itamkubali.

Lomayani hunitafutia mikanda mingine. Kila jioni namsimamisha Neema kando ya uzio, naacha nafasi pembeni yake, napiga. Mzee wa mjini ameacha kuuliza maswali, ananipa tu bahasha. Picha zote ni zilezile, mtoto mmoja na nafasi. Bado nadaiwa.