Sadoki Aipeleka Rumi Jangwani

Kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka Tunduma kuingia Zambia, Sadoki alijulikana kwa kuziba pancha na kucheza drafti. Pancha aliziba kama mafundi wengine tu. Drafti ndiyo iliyompa kiburi. Dereva akishachoka kungoja karatasi zake, alijikuta amekalia tairi mbele ya Sadoki, vizibo vyake vya soda vikiliwa kimoja baada ya kingine. Taratibu Sadoki akaanza kuamini kwamba kichwa chake kingeweza kuongoza nchi, ila tu hakuna aliyewahi kumwomba.

Krismasi ya mwaka 2009 alikuja shemeji yake Luka, kaka wa mkewe Irene. Luka alikuwa dereva wa mhandisi mmoja mgeni huko Kitwe, na mhandisi huyo alipomaliza mkataba alimwachia boksi kubwa. Siku iliyofuata sikukuu, mvua ikinyesha na tope likiwa limemfungia kila mtu ndani, Luka alilifungua boksi mezani.

"Ni mchezo wa falme za kale," alisema. "Vita, biashara, kilimo, kila kitu."

Ramani ilipokunjuliwa iliijaza meza mpaka Irene akahamishia chupa ya chai sakafuni. Vikatoka vijiaskari, vijimeli, kadi, dadu, na kijitabu cha kanuni kinene kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Sadoki aliikagua ramani kwa makini.

"Tunduma iko wapi?"

"Haipo, shemeji. Hizi ni nchi za kandokando ya bahari ya Warumi."

"Basi walioichora hawakusafiri sana," Sadoki alisema, akachukua askari wekundu wa Rumi, kwa sababu Warumi aliwajua kwenye Biblia na aliwakumbuka kuwa ni watu wa mabavu. Luka akachukua Ugiriki. Irene, aliyeketishwa kwa sababu mchezo ulitaka watu watatu, akapewa Misri.

Luka alianza kusoma kanuni. Alisoma za kodi, akasoma za bandari, akasoma za mavuno. Sadoki aliitikia "naam" kila shemeji yake alipovuta pumzi, lakini masikio yake yalikuwa yanangoja neno moja tu, nalo halikuja. Aliona aibu kuuliza. Bingwa anaulizaje?

Zamu yake ilipofika, alikusanya askari wote wa Rumi, hakuacha hata mlinzi wa mlango, akawaelekeza mashariki. Kwa kuwa njia ilipita mpakani mwa Misri, alimgeukia mkewe kwa sauti ya upole.

"Mama Lusubilo, sisi tuna amani, sivyo?"

"Tuna amani, Baba Lusubilo," Irene alijibu, huku akirundika ngano yake ghalani.

Jeshi likasonga. Luka alikuwa akimtazama kwa mshangao, akidhani kuna mbinu kubwa inapikwa. Hatimaye Rumi ikafika ukingo wa ramani, kwenye jangwa tupu lililochorwa ngamia mmoja. Sadoki akaegemea kiti.

"Haya. Nivike kingi."

Kwenye drafti, kete inayofika upande wa pili huwa kingi na hutembea itakavyo. Sadoki alikuwa ameivusha Rumi nzima akiitafutia taji.

"Shemeji," Luka alisema polepole, "hapa hakuna kingi. Na sasa ni wakati wa kulisha majeshi. Ngano yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Luka akaanza kuwaondoa vijiaskari wekundu.

"Ngoja! Nani kawaua?"

"Njaa."

"Mbona hawajapigana na mtu?"

"Ndiyo ubaya wake."

Sadoki aliposhusha macho akaona Misri imeingia Rumi, na Irene anapanga askari wake mahali palipokuwa makao makuu ya mumewe.

"Irene! Si tulikubaliana amani? Tumefunga ndoa kanisani, mbele ya mchungaji!"

"Ndoa ni ya nyumbani," Irene alisema bila kuinua uso. "Hapa mimi ni Misri."

Luka alicheka hadi akatoka kibarazani kuvuta hewa. Sadoki alinuna na kutangaza kwamba mchezo huo ni wa watu wasio na kazi. Mchana ulipofika alikula wali. Alipomaliza kunawa, alikitafuta kijitabu mwenyewe, akaomba asomewe tena ule ukurasa wa mavuno, na safari hii hakusema "naam" hata mara moja.

Walicheza tena kesho yake, wakacheza na siku Luka alipokuwa anaondoka. Mchezo huo wa mwisho Sadoki alilima kwanza. Luka alimnyang'anya pwani, Irene akamnyang'anya milima, lakini mpaka mwisho Rumi ilibaki na mji mmoja, na ndani yake askari mmoja aliyeshiba. Sadoki alimtazama askari yule kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kete yoyote.

Aliporudi kazini aliwasimulia madereva habari yote, ya jangwa, ya ngamia na ya ndoa, hata kabla hawajamuuliza alikokuwa.

"Sasa mwisho ulishika namba ngapi?" dereva mmoja alimuuliza.

"Ya tatu."

"Si mbaya. Mlikuwa wangapi?"

"Watatu," Sadoki alisema, akaanza kucheka yeye kwanza.