Rupia za Bibi Kwenye Mnada wa Mavuno

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Mwika, mlimani Kilimanjaro, mtanielewa haraka, mnada ulikuwa Jumapili ya mavuno. Ibada ikiisha tulitoka nje kwenye majani mbele ya kanisa, na dalali alikuwa mzee wa kanisa mwenye koti la suti lisilojuana na suruali yake. Kipaza sauti hakikuwepo. Mzee Elisaria alikuwa na koo lake, na koo lile lilisikika mpaka ng'ambo ya korongo, kwa wale waliojifanya wagonjwa ili wasije kutoa. Akimnyanyua jogoo, alimsifia utadhani anampeleka posa: "Huyu ana adabu! Anawika alfajiri tu, hapigi kelele kama kwaya yetu!" Kwaya ilinuna, watu walicheka, bei ikapanda.

Kila nyumba ilileta ilichonacho: mikungu ya ndizi, magimbi yenye udongo bado, debe la kahawa, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mayai kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa cha kutarizi. Sisi watoto tulikaa mbele, miguu imepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza, tukinusa mtori wa ndizi na nyama uliokuwa ukichemka nyuma ya nyumba ya mchungaji na kujua wazi kwamba hatutauonja mpaka wageni washibe. Baridi ya mlimani iliingia kwenye sketi za shule, maana sare ndiyo iliyokuwa nguo ya sikukuu pia. Leo mtoto ana nguo ya kanisani, nguo ya sherehe na nguo ya kupigia picha, na bado anakwambia hana cha kuvaa.

Utamu wa mnada ule ulikuwa kwenye kurudisha. Mtu alinunua yai, akalilipia, kisha akasema kwa sauti, "Namzawadia mchungaji." Mchungaji akalinyanyua juu: "Nashukuru. Nalirudisha, liuzwe tena." Yai moja lilizunguka hivyo mpaka likawa ghali kuliko kuku aliyelitaga. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tulivyopata bati za kanisa, na ndivyo watu wazima wa kwetu walivyopendana bila kutamka.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, kihamba chake, lile shamba la nyumbani, kilikuwa chembamba, na mwaka mmoja mibuni ilipougua hakuwa na cha kupeleka. Akafungua kopo la majani ya chai lililokaa juu ya kabati, akatoa mkufu wake na kuupeleka kwenye meza ya sadaka. Ulikuwa na rupia sita za Mjerumani, fedha tupu, alizoachiwa na mama yake, zikaunganishwa na sonara mmoja wa mjini Moshi. Kila sarafu ilikuwa na kichwa cha mzee mwenye masharubu na kofia yenye ndege juu yake. Kwenye sarafu moja kati ya zile mbili za katikati sonara alikosea. Alitoboa kwanza kwenye jicho la mzee, kisha ndiyo akatoboa pale panapotakiwa. Kwa hiyo mmoja kati ya wale wazee sita alikuwa chongo, na mimi ndiye niliyempenda kuliko wenzake.

Mwaka ule wa kwanza, jirani aliyeuza kahawa vizuri aliununua mkufu, akaenda moja kwa moja alipoketi Bibi, akamvisha shingoni. Vigelegele vilifika migombani. Mwaka uliofuata Bibi aliupeleka tena, na jirani mwingine akamrudishia. Basi ikawa desturi. Sisi watoto tulishindana kukisia safari hii ni nani atakayemvisha. Bibi aliinamisha kichwa avishwe, uso mkavu kabisa, nami nilidhani ule ni unyenyekevu.

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipoharibu mambo. Kulikuwa na mgeni aliyekuja kumtembelea rafiki yake usharikani kwetu, mwanaume nadhifu mwenye tai, ambaye kazi yake ilikuwa kununua vitu vya kale na kuwauzia watalii. Alikaa karibu yangu kwenye majani, akaniuliza pale mezani kuna kitu gani kizuri. Mtu mzima mwenye tai, kuniuliza mimi! Kiswahili changu cha shule kilinipanda kichwani. Nikamwambia ule mkufu ni wa bibi yangu, ni fedha halisi, ni rupia za Mjerumani, na hakuna mwingine kama huo mlimani kote. Nikamweleza hata habari za mzee chongo. Jambo moja tu sikumwambia, kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa: kwamba mkufu ule ukiununua, unaurudisha kwa mwenyewe.

Alipandisha bei mpaka majirani wakaishiwa pumzi. Mzee Elisaria akamkabidhi mkufu huku akitabasamu, kisha akanyoosha mkono kumwonyesha alipoketi Bibi. Mgeni akadhani anapewa mkono. Akaupokea, akautikisa kwa furaha na kusema, "Bwana Yesu asifiwe!" Halafu akaukunja mkufu ndani ya leso na kuutia mfukoni.

"Amina," tukaitikia. Tungesema nini? Hakuiba. Alilipa, na alilipa vizuri. Watu waliinama wakaangalia viatu vyao. Ndipo Bibi akaanzisha pambio, peke yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na wanawake wengine wakamfuata. Kila mtu alijua anafunika aibu. Kurudi nyumbani alitembea mbele kwa mwendo wa haraka, mimi nyuma natoka jasho pamoja na baridi yote ile. Jioni alipika kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, akanipakulia fungu kubwa, nami sikuweza kumeza. Nilingoja aniulize, hakuniuliza. Nilingoja anichape, hakunichapa. Sikumwambia kitu, na tangu siku hiyo sikutulia.

Sikutulia mpaka nimekuwa mtu mzima. Nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, lakini nikisikia mnada namwacha mteja na misumari yake kwenye mizani. Iwe familia inahama, mzee amefariki, au hoteli ya zamani inauza vyombo, nipo, nautafuta mkufu ule. Nimefika Arusha, nimefika Tanga. Naingia nimeshatamani kutoka, natoka nimeshaanza kuuwaza mwingine. Nisionekane mwehu, huwa nanunua chochote: vijiko vya fedha vilivyoshika weusi, senti za zamani, bangili, picha za harusi za watu nisiowajua, bwana harusi ameketi na bibi harusi amesimama kama anayesubiri kutumwa. Ukutani kwangu wako wazee wa vilemba, wako makarani wa reli. Wageni wakiniuliza, "Huyu ni babu?" nasema sijui. Mume wangu Godlisten husema nyumba imejaa mababu wa watu, na siku moja watadai chakula. Lakini akinikuta nimekaa kwenye ukingo wa kiti, ufunguo wa gari mkononi, anajua kuna mnada mahali, na hapo haoni tena cha kuchekesha.

Na minada ya siku hizi, jamani! Dalali ana spika mbili na anapiga muziki kati ya bidhaa na bidhaa. Vijana hawakitazami kitu. Wanakipiga picha, kisha wanaiuliza simu kama kitu chenyewe ni kizuri. Enzi zetu fedha tuliisugua kwa majivu tukaona wenyewe. Na picha ilikuwa safari: unaoga, unashuka mjini, na mpiga picha anakuamuru usipumue. Mtu alipata picha moja maishani, macho yamemtoka, na ndiyo hiyo hiyo iliyowekwa juu ya jeneza lake. Hawa wanapiga picha chipsi. Sisi chakula hakikuwa na muda wa kusubiri kupigwa picha.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nilikwenda Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi. Familia moja yenye asili ya Kihindi, waliokuwa na duka la vitambaa mjini tangu wakati wa babu zao, ilikuwa ikifunga nyumba. Mama mwenye nyumba alikuwa amefariki na watoto wengi wanaishi ng'ambo. Zilipangwa birika za fedha, masinia, albamu za picha. Ndani ya kopo moja la biskuti, chini ya sarafu za nchi mbalimbali, nikawaona wazee wenye masharubu. Nikawahesabu, sita. Nikamgeuza mmoja wa wale wawili wa katikati.

Chongo.

Nilikuwa nimezoea kuutafuta mkufu, sikuwahi kujiandaa kuupata.

Ulipotangazwa, kijana mmoja kando yangu alitaja bei. Nikapandisha kabla hajafunga mdomo. Akautazama tena, akapekua simu yake, kisha akanigeukia kwa huruma.

"Shikamoo mama. Hizo zimetobolewa, wakusanyaji hawazitaki. Hapo hamna dili, utapigwa."

"Marahaba. Acha nipigwe."

Akajitoa. Niliupata kwa bei ya chakula cha mchana, na iliniuma kuliko kama wangeniuzia kwa bei ya ng'ombe. Binti wa familia ile alikuwa mezani akiandika majina ya wanunuzi. Akaniona ninavyolia.

"Aunti, ni ya kwenu?"

"Wa bibi yangu."

"Mama aliinunua kwenye duka la watalii zamani sana. Hakuivaa hata siku moja. Alisema inaonekana ina mwenyewe."

Kesho yake nikapanda Mwika. Bibi yuko hai. Umri umempinda mgongo, ulimi haujapinda. Kabla ya kuingia uani nilichuma jani la isale kwenye ua, maana Mchagga akikuletea jani hilo anaomba msamaha, nawe huwezi kumfukuza. Nilimkuta jikoni kwenye kibenchi, anamenya ndizi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Aika. Mbona unahema, umefukuzwa?"

Nikampa jani kwanza. Nikamweleza yote: mgeni, mdomo wangu, na miaka yote ya minada. Halafu nikauweka mkufu mapajani pake.

Aliutazama. Hakuushika.

"Nilikuona unaongea naye," akasema. "Ulikuwa unamwonyesha kwa kidole."

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua, na nikamshukuru Mungu kwa huo mdomo wako." Akachukua ndizi nyingine. "Aika, kila mwaka nilikuwa natoa kitu, kinafika nyumbani kabla yangu. Wananivisha, wananihurumia, wanapiga vigelegele. Nilikuwa maskini wao wa kuonyesha. Siku ile ndiyo nilitoa kweli. Ulifikiri niliimba kwa uchungu?"

Nikautazama mkufu mapajani pake.

"Sasa wewe umeenda umeirudisha sadaka yangu." Kisu kikasimama. "Nani alikutuma?"

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Miaka yote nilidhani nabeba huzuni ya Bibi, kumbe nilibeba yangu na kumsingizia yeye. Nilitaka kumwomba msamaha tena, lakini jani lilikuwa limeshatumika. Nikafikiria Jumamosi zote ambazo ningeweza kukaa kwenye kibenchi hiki tukamenya ndizi, na mimi nilikuwa nafunua makopo ya watu Tanga. Nililia kama mtoto. Bibi akanisogezea kisu na ndizi zilizobaki.

"Jumapili ya mavuno utaupeleka mezani," akasema. "Nitakuwepo, hata kwa kubebwa. Na wewe usiununue. Asiununue mtu wa kwetu yeyote."

Sisi wa rika hili tunapenda kusema zamani watu walikuwa na utu, na mimi ndiye kinara wa kusema hivyo. Bado nayatamani majani yale ya kanisani, mtori tulioucheleweshewa, na yai lililozungushwa mpaka likakaribia kuanguliwa. Sikumbuki hata mara moja tulimwuliza Bibi kama anataka kuvishwa. Leo mnada wa mavuno una kipaza sauti, waliohamia Dar wanatoa kwa simu, na mtu akinunua kitu anakipakia kwenye gari anaondoka nacho bila kumtazama mwenzake. Kila mwaka nimelalamika kwamba hakuna tena anayejua kurudisha. Mwaka huu naomba wawe hivyo hivyo.

Mavuno ni Jumapili ijayo. Tangu asubuhi nimeutoa mkufu kabatini mara nne, na mara nne nimeusugua kwa majivu. Nimemwomba Godlisten akae upande wangu wa kulia, anishike mkono nisije kuunyanyua bei zikianza kutajwa.