Mtungi Hauolewi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mtungi wa tangawizi ulipokataa kunyamaza. Ilikuwa kwetu Ng'ambo, miaka ya sukari ya foleni, na kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa. Majirani walijinyima sukari ya chai ili tupate kinywaji cha wageni. Kikiharibika hicho, hakuna chengine.

Fundi wa tangawizi hiyo alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu, mtu mzima. Alitwanga tangawizi, akatia ndimu, sukari na hamira, akaufunika mtungi kitambaa ili ichachuke. Si ya kulevya, usinitazame hivyo. Kazi ni kujua lini itiwe chupani. Ukiwahi, chupa hupasuka. Ukichelewa, unakunywa siki. Bi Zuhura alijua kwa sikio, lakini masikio yake yalishaanza kuchoka. Akaniita mimi, msichana wa haya, nisiyeweza hata kumwamkia mgeni kwa sauti.

"Inasemaje?"

Niliinama. Mle ndani mlikuwa mkilia kama samaki kikaangoni. Nilitaka kusema bado, lakini shangazi alishazipanga chupa, mikono kiunoni. Nikatazama chini.

"Kanyamaza, karidhia!" shangazi akasema, na wanawake wote wakacheka, maana ndivyo aulizwavyo bi harusi: akinyamaza, amekubali. "Haya, tieni!"

Bi Zuhura hakucheka. "Kimya cha ridhaa ni cha bi harusi. Mtungi hauolewi. Nambie mwanangu, umesikia nini?"

"Bado, bibi. Inakaanga samaki."

"Mtoto huyu!" shangazi akadakia. "Jana hata shikamoo haimtoki, leo fundi wa tangawizi?"

Bi Zuhura alijaza chupa moja tu, akaikaza kizibo kwa kamba, akailaza uani juani, chini ya gunia. Hatujamaliza kupepeta mchele, pu! Vigae vikabaki ndani ya gunia.

"Yarabi!" shangazi akashika kifua. "Nshakoma."

Tukangoja. Alfajiri ya harusi niliinama tena. Sasa ilikuwa ikinong'ona tu, tena kwa vituo. Nikasema, "Tayari," na hakuna aliyecheka. Dada alipewa gilasi ya kwanza, povu likampanda puani, akapiga chafya na hina yake mikononi.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo huo niliusikia chini ya gunia. Kuona haya ni pambo, mwanangu, sikuambii ulivue. Lakini ukiulizwa ulichokisikia kwa sikio lako, kiseme, hata kwa sauti ndogo, kabla wengine hawajakujibia. Na kisichokuwa tayari usikizibe kwa sababu watu wana haraka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mungu akupe sikio la kusubiri na ulimi wa kusema bado, na siku yako ikifika, chupa zako zote zifunguke kwa furaha. Amin.