Neno Nililomwambia Shemeji Juu ya Breki

Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nikiandika huwa natafuta maneno kama mtu atafutaye nati iliyoangukia mchangani. Hili la leo nalijua. Nililisema mwenyewe mbele ya gereji yangu pale Ukunda, miaka ile ya mwanzo ya uhuru.

Wazungu wengine walikuwa wakiuza vyao na kuondoka. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinunua gari jeusi la mmoja wao wa Diani, akalifanya teksi kati ya Kwale na Likoni. Lilikuwa gari zuri la kizamani, ila breki zake zote nne zilikuwa za dramu, na mteremko wa kutoka Kwale kwenda Kombani ulizichosha. Zikishapata moto, pedali inazama na gari halishiki. Abiria walikuwa wakishuka kwake wanamswalia Mtume.

"Shemeji," akaniambia, "nitafutie breki za magari mapya. Nikifa, dada yako ataletwa kwako umlishe."

"Kwa anavyokula dada, bora nikutengenezee."

Nilivuka hadi Mombasa kwa muuza vyuma chakavu, nikapata gari jipya lililogongwa nyuma. Nikatoa breki zake za mbele, zile za sahani, pamoja na kopo kubwa la chuma ambalo sisi tuliliita chungu. Chungu hufungwa karibu na injini, na kwa bomba la mpira hupata kutoka kwenye injini nguvu ya kumsaidia dereva kukanyaga. Injini ikiwaka, mguu wa mtoto unatosha. Injini ikizimwa, msaada unabaki wa kukanyaga mara mbili tatu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Hilo nililijua. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

Kazi ilinichukua siku nne, maana matundu hayakulingana na ilibidi nichonge vishikizo vya chuma kwa tupa. Siku ya mwisho tulitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine chini kwenye skrubu. Shemeji alikaa kwenye usukani, mimi nikalala chini, nikawa napiga kelele tangu asubuhi hadi alasiri: "Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Hata askari hawaamrishwi hivi," akasema.

"Achia, bwana!"

"Nimeachia, baba!"

Tulipolijaribu barabarani, gari lilisimama papo hapo, kofia ya shemeji ikaruka hadi kwenye kioo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa, madereva wa kwetu walikuwa na desturi. Wakifika juu pale Kwale wanazima injini, wanatia gia huru, na gari linashuka lenyewe hadi karibu na Kombani ili petroli ibaki. Desturi hiyo tuliiita kuachia. Wote walifanya, na mimi nilifanya. Breki za dramu hazikujali injini inawaka au imezimwa.

Kwa hiyo alipokuwa akiondoka niliinama dirishani nikamwambia, "Shemeji, mteremko wa Kwale usiachie."

"Siachii. Si nimekusikia kutwa nzima?"

Nikaenda kuosha mikono.

Siku ya tisa gari liliacha njia kwenye mteremko ule likapiga mti. Shemeji alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Abiria aliyekaa naye mbele, mfugaji mmoja wa Kinango, alivunjika mkono.

Nilikwenda kuliangalia gari. Kila nati niliyofunga ilikuwa mahali pake. Ufunguo ulikuwa umezimwa, gia iko huru. Nikashukuru. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: kabla sijamlilia, nilishukuru.

Matangani watu waliniuliza, nikasema nilimwambia asiachie. Basi madereva wakapokea: fundi alimkanya, ubahili wa petroli umemuua. Siku tatu nilikaa nao kwenye jamvi nikisikia hivyo.

Siku ya tatu yule mfugaji akaja kutoa pole, mkono umefungwa kwa kanga. Akatusimulia.

"Marehemu alikuwa mwangalifu. Alizima injini kama wote wanavyozima, lakini akanionyesha mguu wake. Akasema, 'Fundi wangu kaniambia breki hii nisiiachie. Tazama, siiachii.' Akaishikilia vile vile. Kwenye kona akalegeza kidogo, akakanyaga tena. Kona ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pedali ikamkatalia. Alikuwa amesimama juu yake kwa miguu yote miwili."

Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka chini ya gari: "Shikilia! Achia!" Nikatoka jamvini.

Dada alikuwa ndani, ameanza eda. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote hadi la chungu.

"Ulimtajia injini?" akauliza.

"Sikumtajia."

"Kwamba asizime, hukusema?"

"Nilisema asiachie. Dada, kwa madereva neno hilo..."

"Nimekuuliza ulisema au hukusema."

"Sikusema."

Akaivuta kanga yake usoni, akaishusha. "Basi toka nje uwaambie. Watoto wangu wasije wakaambiwa baba yao aliuawa na ubahili."

Nilitoka nikawaambia. Mmoja akanishika bega: "Ndugu yangu, usijibebeshe. Alizima mwenyewe." Nami sina budi kuwa wa haki, hilo nalo ni kweli, alizima mwenyewe. Wengine wakasema huzuni imenipanda kichwani. Nikaenda hadi kituo cha teksi Likoni nikaeleza tena, lakini kueleza chungu kunachukua muda, na abiria wanakuja. Habari ya petroli ilikuwa fupi.

Huwa nafikiri pengine shemeji alinielewa akapuuza. Halafu namkumbuka akimwonyesha mfugaji mguu, na wazo hilo naliona la mwoga. Hadi leo nikitoa upepo kwenye breki namwambia wa juu "legeza". Nikisahau, nikasema lile jingine, husikia "nimeachia, baba", na hutoka chini ya gari kwanza nikatazama ni nani aliyekaa pale.

Madereva vijana wanaisimulia bado. Juzi mmoja alinisimulia mimi, hanijui, kwamba palikuwa na bahili mmoja wa Kwale. Nikamsimamisha nikaanza upya, chungu, mpira, neno. Alinisikiliza kwa adabu hadi gari lake likajaa.

Kila nikienda kumwamkia dada, tukishamaliza kuulizana hali, ananiuliza, "Wameamini?"

"Bado, dada."

"Basi waambie tena."