Mmea Mwekundu wa Hille Drenth

Hillechien Drenth, ambaye mtaa mzima ulimwita Hille, alikuwa mtu wa usafi. Kila Ijumaa alifuta vioo vya madirisha ndani na nje, akasugua hata njia ya watu mbele ya mlango wake, na mvua ikinyesha baadaye alitoka akaanza upya. Mimi nilikaa nyumba ya pili, pale Stadskanaal, mji wa kaskazini mwa Uholanzi, kando ya mfereji. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na sauti ya ndoo yake niliizoea kama ya saa.

Mumewe, Lammert, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha wanga wa viazi. Nyumbani alikuwa na kitu kimoja tu ambacho mkewe hakuruhusiwa kukigusa: tangi la kioo lililochukua upande mzima wa sebule. Samaki wake walikuwa wachache. Alichojali ni mimea, mifupi mbele na mirefu nyuma, safu kwa safu, chini ya maji. Hille alisema ni tope lililowekewa taa.

Vuli moja Lammert akapatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umekufa ganzi, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja: "basi." Akitaka kahawa, basi. Akiikataa, basi.

Egbert Kuipers, mwenyekiti wa chama cha wenye matangi na rafiki wa Lammert tangu shuleni, akaja kumjulia hali.

"Shemeji, tangi nilichukue nikalitunze kwangu," alisema. "Wewe una mgonjwa."

"Mgonjwa anashinda akilitazama. Ukilichukua atatazama nini, mimi?"

"Si ameshakuzoea?"

"Ndiyo maana nasema libaki."

Likabaki, na Hille akalitunza kwa namna aliyoijua. Aling'oa mimea yote, akaosha mchanga bombani hadi ukawa mweupe, akasugua majani moja moja, akatupa konokono, akajaza maji mapya. Kisha akapanda kila kitu upya, kwa mistari iliyonyooka, na taa akaiwasha alfajiri mpaka saa ya kulala. Alimwonyesha mumewe. Lammert akatazama kwa muda mrefu.

"Basi," akasema.

Haikupita muda majani yakaanza kupauka na kuwa angavu kama karatasi iliyolowa mafuta, kisha yakaoza kutoka kwenye mashina. Maji yakawa kama supu ya njegere. Lammert akasukuma kiti chake kwa mguu wake mzima, kidogo kidogo, mpaka akalipa tangi mgongo na kuelekea dirishani, na hapo ndipo alipokaa siku zilizofuata. Hille aliniambia baadaye kwamba kugeuziwa mgongo ule kulimuuma kuliko kiharusi chenyewe. Akavaa koti, akaenda kwa Egbert.

"Umeifua mimea, shemeji?"

"Nimesafisha tu."

"Ule uchafu ndio uliokuwa chakula. Chini ya mchanga kulikuwa na udongo wa mfinyanzi na mboji, na mavi ya samaki ya miaka. Wewe umelimwaga jiko lao zima. Halafu taa inawaka kutwa. Mmea ambao hauna nguvu hauwezi kula mwanga wote huo. Unaobaki unaliwa na mwani."

"Sasa nifanye nini?"

"Uanze tena. Ukishapanda, uache. Hicho ndicho kitakachokushinda."

Alimpa vipando vilivyofungwa katika gazeti bichi. Hille akatandika udongo na mboji chini, mchanga juu, akapanda kwa wingi, akapunguza saa za taa. Kuacha ndiko kulikomtoa jasho. Alianza kufuma sweta mbele ya tangi ili mikono iwe na kazi. Majani ya kwanza yalikufa, akakaribia kuyang'oa yote. Kisha chini yake yakachipuka mengine. Alasiri moja viputo vidogo vya hewa vilining'inia kwenye ncha za majani, vikapanda juu mfululizo. Hille akasikia kiti kikikwaruza sakafu. Lammert alikuwa anajigeuza.

Tangu siku hiyo walilima pamoja. Yeye alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, mkewe akakata vilele virefu na kuvipanda chini. Waligombana mara moja tu, juu ya mmea mwekundu. Lammert alitaka ukae pembeni. Hille akauweka katikati kabisa.

"Basi," alisema Lammert, kwa ukali.

"Basi wewe," alisema Hille.

Masika, waamuzi wa mashindano ya chama walipopita nyumba kwa nyumba kukagua matangi, mmoja wao aliinama kwenye kioo, akasifu afya ya mimea, mizizi na rangi. "Ila huu mwekundu," akasema, "umekaa katikati mno. Unavuta macho yote. Hapo nakata alama."

Lammert akacheka. Ilikuwa sauti mbovu ya upande mmoja, na mwamuzi akadhani anasongwa, akaomba maji. Hille hakuomba maji. Alisimama akamtazama mumewe, ambaye hakuwa amecheka tangu vuli, kisha akafyonya, akaenda jikoni kumimina kahawa. Nyumba nyingine ndiyo iliyoshinda.

Lammert aliishi miaka mingine michache na neno lake lile lile. Baada ya mazishi Egbert aliuliza tena kuhusu tangi, akajibiwa vile vile. Nilipohama, Hille alikuja na vipando katika gazeti bichi, akanionya nisiviguse hata vikionekana vimekufa. Sikuwa na tangi. Nikanunua.